Mpira Ulioanguka Kati Yangu na Mwenyekiti

Kabiro, Kawangware
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mama Mumo, mke wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio hapo nyumbani. Habari ya mvua? Goti la Mama linaendeleaje? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anaingia shambani kwa jirani au ameokoka? Mimi huku ni mzima wa afya, isipokuwa pua. Hiyo pua isikushtue, nitaieleza nikifika mahali pake.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Sababu ni kwamba wewe simu ukiipokea unaiweka spika, na Mama huwa ameketi hapo karibu, na Mama akiwa karibu mimi hugeuka kijana wa darasa la nne. Tena kuna uongo mmoja wa simu ambao lazima niutoe kwanza ndipo tuendelee. Wiki tatu zilizopita uliniambia kwamba mwalimu mkuu wa shule ya Mumo amekuomba uwafundishe wasichana voliboli kila jioni, ukaniuliza ninasemaje. Nikasema, "Haloo? Haloo? Mtandao unapotea." Mama Mumo, mtandao haukupotea. Nilikuwa nimesimama pale kituo cha basi cha Kawangware 56, chini kabisa ya mnara wa simu, nikikusikia mpaka pumzi. Aliyepotea ni mimi.

Na ninajua shule ikifunguliwa kabla hujampa jibu, mwalimu atamtafuta mtu mwingine. Kwa hiyo barua hii ndiyo jibu. Lakini jibu lenyewe limepita njia ndefu, na njia hiyo ilianzia kwa Mwenyekiti Nzioka.

Unamkumbuka Mwenyekiti, yule mzee wa kwetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayeongoza chama chetu cha watu wa Kitui hapa Kawangware. Kazi ya chama ni matanga, harusi, na kugombania nani alete maziwa ya chai. Basi tukapata mwaliko kutoka kwa wafanyabiashara wa Soko la Toi, kule Kibera. Wanataka tucheze nao voliboli ili majirani tujuane, na atakayeshinda apewe mbuzi. Neno mbuzi lilipotajwa, hakuna Mkamba hata mmoja aliyeuliza voliboli huchezwaje. Mkutano ulikubali kwa kauli moja.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa. Tulichagua timu kama tunavyochagua kamati. Wachezaji wa voliboli uwanjani ni sita, na viongozi wa chama ni sita. Mwenyekiti akasema huo ni mkono wa Mungu. Akajiweka mbele katikati, karibu na wavu, kwa sababu ndipo anapoonekana vizuri. Naibu wake akawekwa upande wa kulia, katibu upande wa kushoto. Mimi mwakilishi wa mafundi nikapewa nafasi ya nyuma ya Mwenyekiti, mwakilishi wa akina mama kando yangu, na kando yangu upande wa pili Ndinda, mwakilishi wa vijana. Huyu Ndinda ni msichana anayesuka nywele katika saluni moja hapo 56, naye peke yake kati yetu ndiye aliyewahi kucheza, shuleni huko Mwingi. Nafasi zote ziliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi.

Mazoezi tulifanyia nyuma ya kanisa, mahali penye mteremko, na mwisho wa mteremko pana mtaro. Ukikosa mpira unajua mwenyewe unaenda kuutoa wapi. Ndinda ndiye aliyetufundisha. Najua maneno haya wewe unayajua kuliko mimi, lakini nivumilie, mwanafunzi mpya hana breki mdomoni.

Alianza na seva. Hiyo ni kuupiga mpira kutoka nyuma ya mstari wa mwisho uvuke wavu, mchezo uanze. Ukitua upande wa pili bila mtu kuugusa, hiyo inaitwa eisi, na unaruhusiwa kujipiga kifua. Seva yangu ya kwanza ilimpiga Mwenyekiti kisogoni. Ndinda akaniambia, "Baba Mumo, hiyo si eisi. Hiyo ni kesi."

Tukaja kwenye kupokea. Unapinda magoti, unaunganisha mikono mbele yako, mpira unadunda pale kati ya viwiko na viganja, sehemu laini. Katibu wetu ni shemasi, na kila alipounganisha mikono alifumba macho kwa mazoea. Mpira ulimkuta akiwa kwenye maombi mara tano. Halafu kuna bloku, yaani kuruka karibu na wavu na kuinua mikono iwe ukuta, adui akipiga mpira umrudie mwenyewe. Mwenyekiti alikataa kuruka. Alisema yeye ni ukuta tayari, na hajawahi kuona ukuta ukirukaruka.

Ndinda akatwambia timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuuvusha mpira. Mmoja anapokea. Wa pili anauinua juu kwa ncha za vidole, taratibu, pale karibu na wavu, na huyo ndiye seta. Wa tatu anaruka na kuukandamiza upande wa pili kwa kishindo, na hiyo ndiyo smashi. Watu wote humshangilia mwenye smashi. Seta hakuna anayemwona, ila bila yeye smashi haipo. Nilimsikiliza huku nikitazama chini, Mama Mumo, maana nilikumbuka wewe ndiwe uliyekuwa seta wa shule nzima. Nami tangu tuoane nimekuwa nikija Krismasi na godoro jipya juu ya basi, kijiji chote kinanishangilia, na aliyepanda, akavuna, akauguza, akalipeleka jembe kwa mhunzi, hakuna anayemtaja.

Basi likaja lile la mzunguko, na hapo chama kilikaribia kuvunjika. Kila mnapoichukua seva kutoka kwa wenzenu, kila mchezaji husogea nafasi moja. Aliye mbele huenda nyuma, aliye nyuma huja mbele. Ndinda alipomaliza kueleza, Mwenyekiti alivua kofia.

"Unasema mimi nitoke hapa mbele?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kila mtu anarotate. Ni rule."

"Mimi nilichaguliwa kwa miaka mitano."

Tukamwacha hapo hapo. Heshima si utumwa, tukasema, tutazungukia kandokando yake.

Lakini kilichotuua zaidi si mzunguko, ni adabu. Mpira ukija juu kati yangu na Mwenyekiti, mimi nasema, "Karibu, mzee." Naye anasema, "La, fundi, chukua wewe." Mpira unaanguka katikati yetu, puu, na kuteremka zake mtaroni. Tukarudia hivyo jioni nzima. Ndinda akashika kichwa.

"Wazee wangu, mnangoja ball ijichagulie mtu? Kila mtu akiiendea anaita: Yangu! Loud! Ndio wengine wampishe."

Tukatazamana. Wewe unajua tulivyolelewa. Hata nyama ikiwa mbele yako, unangoja uonyeshwe kipande chako. Kusema "yangu" mbele ya mtu mzima! Mwenyekiti akasema kwao mtoto akisema hivyo alikuwa analala bila chakula. Wote tukaitikia kwamba ni kweli, hata kwetu. Tukakubaliana tutaita "Yetu." Unaweza kukisia ilivyosaidia.

Usiku huo sikupata usingizi mzuri. Neno lile nilikuwa nimelisikia mahali. Wewe unajua ni wapi, na mimi nimeishi miaka kumi na minne nikijifanya nimesahau.

Ulikuwa mwaka ule tulipooana. Timu yenu ya zamani iliitana kucheza na walimu, pale uwanjani kwa soko. Ulikuwa umevua viatu. Mpira ulikwenda juu, watu watatu wakaukimbilia, nawe ukapaza sauti, "Yangu!" mpaka ng'ombe wakageuka. Mama alikuwa amekaa kando yangu. Jirani mmoja akacheka akasema, "Kilonzo, huyo mkeo ana sauti." Mimi nikainuka, nikaingia uwanjani mchezo ukiendelea, nikakuambia twende nyumbani. Hukubisha. Uliuweka mpira chini kwa mikono miwili, ukatoka. Tangu siku hiyo hujawahi kucheza wala kulitaja jambo hilo. Ule wavu wa timu, uliokuwa ukiutunza kama kapteni, nikauona juu ya banda la kuku kuzuia mwewe. Siku unaufunga nilikuwa pale kwenye meza ya kazi. Nilijifanya nanoa msumeno.

Nimekuwa nikijiambia nilifanya vile kwa ajili ya Mama. Lakini nimekumbuka jambo. Mama alikuwa anapiga makofi. Aliacha kupiga nilipoinuka mimi.

Sasa mechi. Tulikwenda Kibera Jumamosi, siku nane zilizopita, tukiwa na jezi za kijani na sala ndefu ya katibu. Kapteni wa wenzetu wa Toi ni Mama Halima, mama wa Kinubi mwenye wajukuu, anauza viatu vya mitumba sokoni na ana vyumba vyake vya kupangisha. Alivaa trakisuti chini ya dera, mtandio ameubana kwa pini nne. Tulipomwona tulimhurumia. Naibu alininong'oneza kwamba tusipige kwa nguvu sana upande wake.

Smashi yake ya kwanza ilipita kati ya naibu na katibu wakiwa bado wanakaribishana. Ya pili ilimpita Mwenyekiti sikioni, akasema ameisikia ikimsalimu. Seti ya kwanza tulifungwa ishirini na tano kwa sita, na katika hizo sita, nne walitupa wao wenyewe kwa kupiga seva nje. Nasi tuliwapa mbili za bure kwa sababu Mwenyekiti alikataa kuzunguka, refa akapuliza, akawapa pointi wenzetu. Mwenyekiti akamwendea refa na kumbukumbu za mkutano. Alikuwa amezibeba mfukoni, Mama Mumo, na sahihi zote sita.

"Mzee," refa akamwambia, "hii ni volleyball, si baraza. Rudi line."

Mama Halima akacheka hadi akashika wavu. "Nyinyi watu wa Kawangware, mmekuja kucheza ama kuapishwa?"

Ndinda alimwokoa. Akamvuta Mwenyekiti kando akamwambia kwamba kwenda nyuma si kushushwa cheo, kwamba nyuma ndiko kwa seva, na mwenye seva hutazamwa na uwanja mzima, peke yake. Mwenyekiti akafikiri. Akaenda. Akaupiga mpira kwa ngumi kama anayebisha mlango wa chuma, nao ukavuka, ukatua kati ya watu wawili waliodhani utatoka. Eisi! Tangu hapo shida ikawa kumwondoa nyuma.

Seti ya pili tulicheza. Sitaki kujisifu, lakini tulicheza. Katibu alifumbua macho. Mwakilishi wa akina mama aliokota mipira ya kutoka chini kabisa, ile ambayo mimi nilishaiaga. Tukafika mahali ambapo wao wana ishirini na nne sisi ishirini na tatu, na pointi moja tu inawatosha kumaliza mchezo. Seva yao ikaja. Ikapaa juu, ikaning'inia, ikaanza kushuka pale pale, kati yangu na Mwenyekiti, mahali petu palepale pa adabu. Nikamwona anafungua mdomo kunikaribisha.

Nikakusikia wewe. Sijui nikuambieje. Nilikusikia kama siku ile, na mdomo wangu ukapaza wenyewe, "Yangu!"

Mwenyekiti aliruka kando kama aliyekanyaga siafu. Nami nilikuwa nimeshangazwa sana na sauti yangu mwenyewe nikasahau mikono. Mpira ukanipiga puani.

Lakini ngoja. Ulidunda puani ukapanda juu, mzuri, mrefu. Refa akaruhusu mchezo uendelee, pua ni kiungo kama kingine. Ndinda akauinua kwa ncha za vidole, na naibu, mwenye kilo zake zote, akaruka akaupiga smashi ikatua kwenye mstari. Ishirini na nne kwa ishirini na nne! Tulikumbatiana. Mwenyekiti alinibusu paji la uso, damu na yote. Halafu Mama Halima akapiga smashi mbili moja baada ya nyingine, mchezo ukaisha, na mbuzi akabaki Kibera. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Tulikula pilau lao na kurudi nyumbani tukiimba.

Kabla ya pilau, Mama Halima aliniletea kitambaa cha maji baridi. Akakaa karibu yangu kwenye kreti.

"Wewe fundi, hiyo 'yangu' umeitoa wapi? Mimi nimecheza miaka mingi, sijasikia mtu akiita ball kama anaita mtu."

Nikamweleza. Sijui kwa nini, labda ni pua. Nilimweleza yote, uwanja wa sokoni, msumeno, mpaka mtandao wa simu. Akasikiliza akichuna uzi kwenye dera lake.

"Na bibi yako alikosa nini hapo?"

"Hakuna alichokosa."

"Umemwambia hivyo?"

Nikageuza kitambaa upande wenye baridi.

"Basi usiniungamie mimi, mimi si kanisa. Mwambie yeye."

Juzi nikaenda Toi kibandani kwake. Nikamwambia nataka viatu vya kuchezea, vya mwanamke, soli nzima. Akaniuliza namba ngapi. Kalekye wangu, sikujua. Mimi ninayepima kiti kwa jicho na kisiyumbe, ninayejua upana wa mlango wa kila mteja, sikujua namba ya viatu vya mke wangu. Niliona haya nikataka kuondoka. Mama Halima akaningoja, akiwa ameshika kiatu kila mkono.

Halafu nikakumbuka. Siku ile tulipotoka uwanjani ulitangulia, viatu umevibeba mkononi. Tulivuka mto mkavu, na njia yote ya mchangani nilitembea nyuma yako nikitazama chini kwa sababu sikuweza kukutazama mgongo. Nyayo zako nilizihesabu mpaka mlangoni. Nikaweka mkono juu ya meza ya Mama Halima, nikamwonyesha: shibiri moja na vidole viwili. Akalinganisha. Akasema hiyo ni thelathini na tisa.

Viatu ndivyo hivi, vyeupe vyenye mstari wa buluu. Katibu wetu anakuja nyumbani wiki hii, ndiye aliyebeba mzigo. Humo pia utaona roli la waya wa kuku kutoka duka la Mwenyekiti, ambaye amenipunguzia bei na kukutumia salamu, na anasema sasa yeye ni mtaalamu wa seva ukihitaji msaidizi. Waya ni wa banda. Ule wavu utoe juu ya kuku. Ukikuta umeoza usiutupe, nitakuja kuushona mwenyewe, nipo nyumbani mwisho wa mwezi.

Sasa jibu lako. Nilikaa hapa nikaandika "nimekubali," nikalikata. Nikaandika "nakuruhusu," nikalikata pia, ndiyo maana unaona karatasi imechafuka hapa juu. Mwenye kukubali ni mwenye kitu. Mpira ule ulikuwa wako, nikauchukua mbele za watu, siwezi leo kukurudishia kama zawadi. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikosa, na ninaomba unisamehe. Ilibidi nikuambie siku ile ile, kabla hatujafika mlangoni.

Nisalimie Mumo, mwambie asisome barua hii akacheka pua ya baba yake. Nisalimie mdogo wangu Muli, na umwambie banda la kuku sasa ni kazi yake, waya upo. Nisalimie mwalimu mkuu pia, lakini salamu hizo zimfikie baada ya kumpa jibu lako mwenyewe.

Na Mama umsalimie sana. Akiuliza barua inasema nini, msomee yote, hata ile ya mtandao. Weka spika.

Ni mimi mumeo,
Kilonzo, Baba Mumo